Kichaa cha Mbwa: Habari Zake na Dawa Yake

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya msingi huko Magogoni, katika mitaa ya Kisauni, bara ya kaskazini ya Mombasa. Asubuhi moja mvulana wa darasa langu aliingia akichechemea. Nilipomwuliza ana nini, alijibu kwamba amejikwaa katika jiwe. Lakini shavu la mguu wake lilikuwa limefungwa kitambaa, na kitambaa hicho kilinuka mafuta ya taa. Nilipokifungua niliona alama nne za meno.

Ndipo aliposema kweli. Siku mbili kabla ya hapo alikuwa akipita kando ya jaa pamoja na wenziwe, wakamrushia mawe mbwa koko aliyekuwa akitafuta chakula. Mbwa aliwageukia. Wenziwe waliwahi kukimbia, yeye hakuwahi. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alimtia mafuta ya taa na pilipili ya kusaga katika jeraha, akamwambia kuwa sumu yote imekwisha. Nyumbani hakusema neno, kwa kuchelea fimbo ya baba yake.

Nilimpeleka penye mfereji, tukaliosha jeraha kwa sabuni ya kipande na maji mengi, kisha nikafuatana naye hata kwao. Baba hakumpiga. Alisimama kimya kidogo, akavaa shati, akamshika mwanawe mkono, wakashika njia ya hospitali. Mtoto alipigwa sindano ya kwanza siku ile ile, na zilizobaki katika siku alizopangiwa. Leo ni kijana mzima. Yule mbwa hakuonekana tena, wala hatukupata kujua kama alikuwa na kichaa au alikuwa na njaa tu.

Jambo hilo lilinifanya nitafute habari za ugonjwa huu, nami nimeona si haki nikae nazo peke yangu. Nisikilize basi, msomaji, kwani huenda siku moja mguu utakaoumwa ukawa wako, au wa mdogo wako.

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa uletwao na kirusi, kijidudu kidogo mno ambacho hata hadubini ya shuleni haiwezi kukionyesha. Hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama huyo akimwuma mtu, au akimkwaruza, au akimlamba penye kidonda, kirusi huingia mwilini. Hakiendi mbio katika damu kama iendavyo sumu ya nyoka. Hushika njia ya mishipa ya fahamu, kikapanda polepole kuuelekea uti wa mgongo hata ubongo. Safari hiyo aghalabu huchukua miezi miwili au mitatu. Yaweza kuwa juma moja tu, na yaweza kufika mwaka mzima. Jeraha likiwa karibu na kichwa, safari huwa fupi.

Katika muda huo aliyeumwa haoni ubaya wowote. Jeraha hufunga, kovu hukauka, na watu husahau. Lakini kirusi kikisha kufika ubongoni, mambo hubadilika. Mgonjwa hushikwa na homa, kovu humwasha, moyo wake hauna utulivu. Wengi hukabwa na koo kila wajaribupo kunywa, hata huogopa kuyaona maji yenyewe. Wengine hupooza viungo. Tangu dalili hizo zionekanapo hapana dawa, na karibu kila mgonjwa hufa. Hili ndilo jambo kubwa la kushika katika habari hizi zote: baina ya kuumwa na kuugua upo muda, na katika muda huo mtu aweza kuokolewa kwa yakini. Muda ukipita, daktari na asiyekuwa daktari huwa sawasawa. Kwa hiyo historia ya ugonjwa huu ni historia ya wanadamu kujifunza kuutumia muda huo.

Ugonjwa wenyewe ni wa kale sana. Katika mji wa Eshnunna, uliokuwa katika nchi iitwayo leo Iraki, iliandikwa sheria zaidi ya miaka 3,700 iliyopita. Sheria hiyo ilisema kwamba mwenye mbwa mwenye kichaa, akisha kuonywa na wakuu wa mji asimfunge mbwa wake, kisha mbwa akamwuma mtu na mtu akafa, atalipa shekeli 40 za fedha. Tazama hekima ya watu wale: hawakujua kirusi ni nini, lakini walikwisha kujua kwamba mbwa ana mwenyewe, na mwenyewe ana wajibu.

Kwa tiba hawakuwa na hekima kama hiyo, wala vizazi vingi vilivyowafuata havikuwa nayo. Dawa iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa chuma cha moto. Mwaka 1831, katika mji mdogo wa Arbois huko Ufaransa, mbwa mwitu mwenye kichaa aliwauma watu kadhaa. Majeruhi walipelekwa kwa mhunzi, naye akawaunguza majeraha yao kwa chuma chekundu. Mtoto mmoja wa mtengeneza ngozi, mwenye umri wa miaka 8, aliishi katika mji huo wakati ule, na vilio vya watu wale hakuvisahau maisha yake yote. Jina lake lilikuwa Louis Pasteur.

Kabla ya Pasteur kukua, hatua moja ilikuwa imekwisha kupigwa. Mwaka 1804 Mjerumani aitwaye Georg Gottfried Zinke alitwaa mate ya mbwa mgonjwa akayatia katika jeraha la mbwa mzima, na yule mzima akaugua. Hapo ilithibitika kwamba ugonjwa umo katika mate. Pasteur alipokuwa mtaalamu mkubwa, alitaka kujua kama kijidudu hicho chaweza kudhoofishwa, ili kiufundishe mwili kupigana kabla adui wa kweli hajafika ubongoni. Yeye na wenziwe walitwaa uti wa mgongo wa sungura waliokufa kwa ugonjwa huo, wakauanika ndani ya chupa zenye hewa kavu. Kila siku iliyopita, nguvu ya ugonjwa katika uti huo ilipungua.

Tarehe 6 Julai 1885 mama mmoja kutoka jimbo la Alsace aliingia mjini Paris na mwanawe, Joseph Meister, mwenye miaka 9. Mbwa mwenye kichaa alikuwa amemwuma mahali pengi siku mbili kabla. Pasteur hakuwa daktari wa watu, na chanjo yake ilikuwa haijajaribiwa kwa mtoto kama yule. Aliwauliza madaktari, nao wakasema kuwa mtoto akiachwa hivi hivi atakufa. Basi daktari Grancher akaanza kumpiga sindano, kwanza za uti uliokauka sana, kisha za uti uliokauka kidogo, hata zikatimia 13 katika siku 10. Joseph hakuugua. Alipokuwa mtu mzima alipata kazi ya ubawabu katika taasisi ileile iliyofunguliwa Paris mwaka 1888 kwa jina la Pasteur.

Mwezi Oktoba mwaka uleule aliletwa wa pili, kijana mchungaji aitwaye Jean-Baptiste Jupille. Huyu alimkabili mbwa mwenye kichaa ili watoto wadogo wapate kukimbia, naye akaumwa vibaya mikononi. Sindano alianza kupigwa siku 6 baada ya kuumwa, naye pia alipona. Nakutajia siku hizo makusudi. Joseph alichelewa siku 2, kama yule mwanafunzi wangu wa Magogoni. Jupille alichelewa 6. Kuchelewa ni hatari, lakini aliyechelewa asikate tamaa akabaki nyumbani. Maadamu dalili hazijaanza, njia ya hospitali i wazi.

Chanjo haikubaki kama ilivyokuwa. Mwaka 1911 daktari David Semple, akifanya kazi huko Kasauli katika India, alitengeneza chanjo nyingine kwa ubongo wa wanyama, na chanjo ya namna hiyo ilitumika miaka mingi katika Asia na Afrika. Sindano zake zilikuwa nyingi, zilipigwa tumboni, ziliuma, na mara nyingine zilileta madhara mwilini. Ndiyo sababu hata leo utawasikia wazee wakisema, “Ukiumwa na mbwa utadungwa tumbo zima.” Maneno hayo yalikuwa kweli zamani, na leo si kweli tena. Katika miaka ya 1960 wataalamu walipata njia ya kukikuza kirusi katika chembe hai ndani ya maabara bila ubongo wa mnyama. Mwaka 1976 ilitolewa taarifa kutoka Irani ya watu 45 walioumwa na mbwa na mbwa mwitu wenye kichaa, wakapewa chanjo hiyo mpya pamoja na dawa ya kinga. Wote 45 walipona. Siku hizi sindano ni chache, nazo hupigwa begani, ama pajani kwa mtoto mchanga. Maumivu yake hayazidi ya sindano nyingine yoyote.

Sasa na turudi kwetu. Katika Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa mmoja pembeni mwa Nairobi. Mtu wa kwanza kuandikwa kuwa ameugua aliandikwa mwaka 1928, naye alikuwa mwanamke wa nchi za kandokando ya Ziwa Viktoria. Tangu hapo ugonjwa haujatoka. Nchi ina sheria yake ya kichaa cha mbwa, Sura ya 365, nayo yawapa maafisa wa mifugo uwezo wa kuamuru mbwa wafungwe na wachanjwe. Mwaka 2014 serikali ilitoa mpango wa kuukomesha ugonjwa huu kwa watu ifikapo mwaka 2030, na katika mpango huo ilikadiriwa kuwa huenda watu wapatao 2,000 hufa kwa kichaa cha mbwa katika Kenya kila mwaka. Katika dunia nzima Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo 59,000 kwa mwaka, vingi vyao Afrika na Asia. Katika kila watu 100 wapatao ugonjwa huu, 99 huupata kwa mbwa. Na katika kila 100 wanaoumwa na wanyama washukiwao, 40 ni watoto walio chini ya miaka 15. Watoto hao ni wa rika lako na la wadogo zako, msomaji.

Hesabu hiyo yatuonyesha njia. Ikiwa ugonjwa karibu wote watoka kwa mbwa, basi kumchanja mbwa ni kumlinda mtu. Wataalamu wameona kwamba mbwa 70 wakichanjwa katika kila 100, kirusi hukosa pa kupitia, kikafa chenyewe. Japani ilitunga sheria ya kuwachanja mbwa mwaka 1950, na kufika mwaka 1957 ugonjwa ulikuwa umekwisha kutoka katika visiwa vyake. Kuwaua mbwa ovyo hakuleti faida hiyo. Mbwa wakiuawa mtaani leo, wengine huja kesho kufuata jaa lilelile, nao huja bila chanjo. Wala kuwarushia mawe hakuleti faida, kama alivyojifunza mwanafunzi wangu kwa mguu wake.

Lakini najua wapo watakaosema, “Sisi watu wa pwani hatufugi mbwa majumbani, ugonjwa huu ni wa watu wa bara.” Kwa hao nina habari za Pemba, kisiwa kilicho kusini yetu, ambacho mashua za watu wetu zimekiendea tangu zama za mababu. Pemba ni nchi ya Waislamu, na mbwa wake ni wachache wakilinganishwa na watu. Hata hivyo kichaa cha mbwa kilikuwapo, na watu walikufa. Tangu mwaka 2010 ilianza kazi ya kuwachanja mbwa kisiwani kote kila mwaka, na watu walioumwa wakapata chanjo bila malipo. Vifo vya watu vikapungua hata vikakoma, na kufika Mei 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka katika mbwa.

Hapo watu walipumua, na kazi ya kuwachanja mbwa ikalegea. Mbwa waliochanjwa walizeeka na kufa, na watoto wao hawakuchanjwa. Mwishoni mwa mwaka 2016 kirusi kiliingia tena kutoka nje ya kisiwa, kwa njia mbili mbalimbali, kikakuta mlango wazi. Wataalamu waliujua ukoo wa kila kirusi kwa kuzisoma chembe zake za urithi, kama mtu asomavyo nasaba. Chanjo ikarudishwa kisiwa kizima, na mwezi Oktoba 2018 ugonjwa ukatoweka mara ya pili. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Pemba waliujenga ukuta wao mara mbili, na mara zote mbili ulisimama. Kama kisiwa cha jirani zetu kimeweza, hatuna hoja ya kusema kuwa sisi hatuwezi.

Liko jambo jingine lihusulo pwani. Katika nyumba zetu nyingi chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, kama wafundishavyo wanazuoni wa madhehebu ya Shafii. Hiyo ni hukumu ya tohara, nayo ina mahali pake. Jeraha lina hukumu yake katika tiba: lataka maji na sabuni, wala lisitiwe udongo. Mambo haya mawili hayagombani, lakini asiyeyatenganisha aweza kumdhuru mtoto wake akidhani amemtakasa.

Basi, msomaji, likikufika wewe au likimfika mwenzio, fanya hivi. Kwanza, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili. Usione muda huo ni mrefu. Sabuni hukiharibu kirusi, na maji hukiondoa kabla hakijashika njia ya mishipa. Kazi hii haihitaji daktari wala fedha, na yaweza kufanywa na mtoto wa miaka 10 kwa ndoo na kata. Pili, usitie mafuta ya taa, pilipili, majani, majivu wala jiwe la nyoka. Tatu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo mdogo. Huko utapewa chanjo, na jeraha likiwa kubwa utaongezewa imunoglobulini, yaani kinga iliyo tayari, ya kukulinda mpaka mwili ujitengenezee yake. Nne, maliza sindano zote. Wengi hupigwa ya kwanza, wakajiona wazima, wakaacha. Nao wamejenga nyumba nusu, isiyo na paa. Tano, kama mbwa ana mwenyewe na aweza kufungwa bila hatari, na afungwe na kutazamwe hali yake kwa siku 10. Lakini tiba isizingoje siku hizo. Akibaki mzima, daktari atajua kama sindano zilizosalia zaweza kuachwa. Na lililo mbele ya yote hayo: mwambie mtu mzima.

Hili la mwisho ndilo limenifanya nikuandikie. Magogoni si kijiji cha mbali. Daraja na magari yako karibu, na hospitali kubwa iko ng'ambo tu, kisiwani. Mtoto yule hakukosa njia wala dawa. Kilichompotezea siku mbili kilikuwa fimbo aliyoiogopa na ujinga wa jirani aliyempenda. Katika vijiji vya mbali, ambako nauli ni tatizo na chanjo mara nyingine haipatikani, siku mbili zilizopotea kwa kuficha ni hasara kubwa zaidi. Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kifo humwumbua. Nami nawaomba wazazi watakaokisoma kitabu hiki mikononi mwa watoto wao: mtoto akija na jino la mbwa mguuni, maonyo yangoje. Maji yaje kwanza.

Nawe mwanafunzi, umekwisha kujua yale ambayo wafalme wa kale hawakuyajua, na ambayo yaligharimu vilio vya watu wa Arbois kwa mhunzi. Kila mwaka tarehe 28 Septemba, siku aliyokufa Pasteur mwaka 1895, dunia huukumbuka ugonjwa huu. Siku hiyo ikifika, waeleze wa nyumbani kwenu habari hizi kwa maneno yako mwenyewe. Wafugao mbwa wakumbushe chanjo ya kila mwaka. Wadogo zako waonyeshe namna ya kuosha jeraha, tena uwaonyeshe kwa vitendo, penye ndoo. Wala usiingoje siku hiyo, kwani mbwa hahesabu tarehe. Anza leo jioni.